Kiwiko Kwanza

Kama umeambiwa juzi kwamba una sukari, na mtu wa kwanza uliyekutana naye akakuambia usijali, ni ugonjwa wa kawaida, mchukie kidogo. Nakupa ruhusa. Mimi niliwachukia wengi na bado nipo, nakanyaga cherehani. Haya siwaandikii madaktari, wao wana vitabu vyao. Nakuandikia wewe unayekaa Jumanne asubuhi kwenye benchi la mbao la kituo cha afya, tumbo tupu, ukimkodolea macho muuguzi na kumwona adui. Pengine ni adui kweli. Msikilize tu.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Gisenyi, katika kibanda ambamo marehemu baba alishonea kanzu za nusu ya mtaa wetu. Nashona magauni ya vitenge. Wateja wangu wengi wanavuka bariyeri ya mpaka kutoka Goma asubuhi na wanataka kurudi na gauni jioni, na subira hawana. Wananiita Mama Hawa. Haya yaliponikuta nilikuwa na sukari miaka sita, yaani miaka sita ya vidonge na ya lile benchi.

Benchi lenyewe nalijua mpaka misumari yake. Tulikuwa tunatoka kila upande: wakulima wa Busasamana na udongo mweusi kwenye mabuti, wanawake wa Cyanzarwe walioanza kutembea kabla ya adhana, na sisi wa mjini tuliojiona bora kwa sababu tumefika bila vumbi. Kabla ya kupimwa, lazima somo. Mwalimu alikuwa muuguzi anayeitwa Esperansi. Tulimwita muganga, kama tunavyomwita kila mwenye koti jeupe. Umri wa binti yangu. Alizaliwa Tanzania, wazazi wake wakarudi nchini akiwa msichana, kwa hiyo Kiswahili chake ni kile cha habari za redio, na sisi tukifungua mdomo anakunja uso. Alikuwa anafundisha kwa Kinyarwanda kwanza, halafu anaturudilia sisi wachache wa Kiswahili na kuanza kuuliza wote mmoja mmoja, kama watoto wa darasa la kwanza.

"Mama Hawa, nimesema nini kuhusu miguu?"

Nami najibu, mgongo umenyooka: "Nikague miguu kila siku. Nisitembee peku. Nisiloweke miguu kwenye maji ya moto. Maji ya kuoga niyapime kiwiko kwanza. Nikaushe katikati ya vidole."

"Vizuri sana. Wengine, igeni kwa Mama Hawa."

Nilipenda kusifiwa, nisikudanganye. Wale wa Busasamana walikuwa wanakwama kwenye jambo la pili, mimi natiririka mpaka mwisho. Nilikuwa nalikariri lile somo kwa sauti ile ile niliyotumia madrasa, na nilikuwa nikilifikiria kwa kiasi kile kile, yaani hata kidogo.

Baada ya somo Esperansi alikuwa anasema neno lake lingine: "Vua soksi." Hapo tuligombana kila mwezi.

"Mi sivue mbele ya watu," nilimwambia. "Pale iko wanaume."

"Kuna pazia, mama."

"Pazia gani? Ile inafika kwa magoti. Miguu njo inabaki inje."

Alikuwa anaandika kwenye daftari "amekataa" na kumwita mwingine. Ukweli ni kwamba wanaume walikuwa kisingizio. Mimi navisha maharusi. Wanawake wananipa miili yao niipime, niifiche inapotaka kufichwa. Halafu nivue soksi watu waone nyayo zilizopasuka na kucha nene za njano? Niliona aibu, basi. Hakuna zaidi ya hapo.

Miguu yenyewe ilikuwa imeanza kuniaga taratibu. Siku moja nilifika kibandani na kandambili moja. Nyingine ilinichomoka mguuni njiani, mtaa mzima nimeupita, sikusikia. Jirani alicheka mpaka akashika ukuta na mimi nikacheka naye. Kanyagio la cherehani nilikuwa nalisikia kwa goti tu, nyayo hazikuwa na habari. Esperansi alikuwa amesema hiyo ndiyo dalili, na mimi ningeweza kukukariria dalili hiyo pia.

Sasa dada yangu Salima. Amenizidi miaka tisa. Mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea, alinisuka, aliniozesha. Kwetu dada wa namna hiyo habishiwi. Akisema leo ni Ijumaa, wewe nenda kavae. Kila Jumamosi ya kiangazi alikuwa anakusanya wanawake wenye magoti mabovu na kuwapeleka Nyamyumba, kwenye amashyuza. Ni chemchemi kando ya ziwa, maji yanatoka ardhini yakiwa yanafuka. Pale yanapochemka watu wanatumbukiza viazi vitamu ndani ya mfuko na kula vikiwa vimeiva. Kando kidogo kuna vidimbwi na vijifereji ambako wagonjwa wanakaa na kusuguliwa migongo.

Nilipomwambia miguu imekufa ganzi, alinishika mkono. "We Mariamu, ile vidonge iko nakuua tu. Kuya na sisi Jumamosi. Hii maji Mungu mwenyewe amechemusha."

Wewe unayesoma tayari unapiga kelele. Unasema, huyu mama si alikuwa anajua, "nisiloweke miguu kwenye maji ya moto"? Nilijua. Nakuapia kwa Mwenyezi Mungu, halikunijia kichwani hata mara moja. Maji ya moto kwangu ni ya birika, ya beseni, ya jikoni. Amashyuza ni dawa. Bibi yangu alipelekwa pale akiwa hawezi kusimama. Ningeyapimaje kwa kiwiko? Nani anaipima dawa kwa kiwiko?

Salima alikaa pembeni, kwenye dimbwi la chini ambako maji yamepoa, akachota kwa kiganja. "Ni vuguvugu," alisema. "Ingia."

Niliingiza miguu, sikusikia kitu. Nikapanda juu kidogo, nikafuata kijifereji kuelekea kule kunakotoka mvuke. Wanawake walikuwa wanatia mguu na kuuchomoa wakipiga yowe, ayiwee, ayiwee, wakichekana. Mimi nilikaa juu ya jiwe, nikaingiza mguu wa kulia, ule uliokufa zaidi, mpaka kifundo. Nikangoja. Halafu nikasikia kitu. Joto dogo, mbali sana, ndani ya mfupa. Kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima mguu wangu ulikuwa umesema nami, na nililia kwa furaha.

"Muangalie ule mama!" mzee mmoja wa Nyakiriba aliwaambia wenzake. "Nyinyi munakimbia, yeye iko amekaa tu. Ule iko na imani."

Unajua nilifanya nini? Nilijisifu. Niliwaambia wale wanawake wao ni waoga, wamelelewa kwa maji ya mitungi. Nilikaa pale mpaka viazi vyao vikaiva.

Asubuhi ya pili kulikuwa na malengelenge juu ya vidole, moja kubwa kama yai la kuku. Maumivu hakuna. Nilimwita Salima, akaangalia kwa mbali, akafurahi. "Njo uchafu iko natoka. Uache utoke." Nikavaa soksi juu yake, nikaenda kazini. Kwa siku kumi sikuutazama ule mguu. Na mimi ni mtu wa kuswali, kila siku naosha miguu mara tano. Kabla ya hapo mkono ulikuwa unapita na maji, macho yakiwa kwenye saa. Sasa soksi ndiyo nilikuwa nailowesha tu na kupangusa juu yake, nikijiambia ni udhuru wa mgonjwa.

Siku ya kumi na moja mteja wa Goma alikuwa amesimama mbele ya kioo, gauni nusu, mara akaziba pua. "Mama, humu iko panya imekufa."

Nikanusa. Kweli. Niliomba radhi, nikahamisha marobota yote ya vitenge, nikasukuma cherehani, nikapiga magoti kumulika chini ya meza. Naye alinisaidia, maskini, na pini zikiwa zimemning'inia kiunoni. Panya hatukumpata. Alipoinama karibu yangu ili amulike upande wangu, alisimama ghafla. Alivaa nguo zake akaondoka. Ndipo nilipojua, na nilitamani ardhi inimeze.

Baba Hawa, mume wangu, alikuwa ameshajua. Yeye anaendesha lori la viazi na si mtu wa maneno. Alikuwa amehamishia mto wake sebuleni siku tatu zilizopita akisema mgongo unamsumbua. Nilimwamini.

Jumanne iliyofuata Esperansi hakuwahi hata kusema neno lake. Nilikaa nikavua mwenyewe, nyuma ya lile pazia fupi. Soksi ilikuwa imegandamana na nyama. Alichuchumaa, akaangalia muda mrefu. Kidole kidogo na jirani yake vilikuwa vyeusi.

"Lini?"

"Wiki mbili zimepita. Nilienda amashyuza."

Alisimama. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile. "Nilikufundisha! Mama Hawa, wewe! Ulikuwa unalisema mbele ya watu wote!"

"Ulinifundisha maji ya moto. Haukusema amashyuza."

"Amashyuza ni maji ya nini? Ya barafu?"

Kwenye benchi mtu alicheka. Huyo sijamsamehe na sina mpango. Damu ilinipanda. "We umezaliwa kwa wenyewe kule, unajua nini juu ya amashyuza? Haujanifundisha kitu. Ulinikaririsha. Nilikuwa nasema kama kasuku na we unapiga makofi!"

Nilidhani atanifukuza. Alikaa kwenye kistuli, akachukua kalamu, akauliza kwa sauti ya chini: "Yalikuwa moto kiasi gani?"

Nikafungua mdomo nijibu. Salima alisema vuguvugu. Wale wanawake walipiga yowe. Na mimi je, niliyekaa ndani yake mpaka viazi vikaiva, mguu wangu mwenyewe, ngozi yangu mwenyewe?

"Sijui," nilisema.

Neno hilo liliniogopesha kuliko vile vidole vyeusi. Esperansi aliliandika kwenye daftari lake, nikaona.

Mvua za kwanza zilinikuta hospitalini. Walivikata vidole viwili, kidogo na jirani yake. Daktari aliniambia wazi: kidonda kikikaa hapo, nitabaki na mguu, kikipanda, watakata chini ya goti. Ataamua mvua zikiisha. Basi tangu siku hiyo sikuwa na jambo lingine duniani. Nilipokuwa nasikiliza mvua juu ya bati, sikuwaza mahindi ya mtu wala njia kuharibika. Niliwaza zisiishe.

Siku moja ndiyo, siku moja hapana, Baba Hawa alinipakia kwenye pikipiki ya jirani hadi kituoni, na Esperansi akafungua kitambaa. Sitakupamba. Kinanuka. Kuna majimaji ya njano, kuna nyama anayoikwangua ambayo ni yako na huisikii, kuna nyama nyekundu inayouma, na ile inayouma ndiyo unayotakiwa kuifurahia. Alinianzishia sindano za insulini. Tumbo langu likawa na alama za bluu, nikanenepa, nikapungua, sketi zangu zote nikazitia lastiki.

Alinipa kioo kidogo cha mkononi nijiangalie unyayo. Wiki tatu nilikataa. Nilikuwa nageuza uso ukutani.

"Ukikiona kidonda mimi nakwenda nyumbani," alisema siku moja. "Usipokiona tunakaa hapa wote."

"Tukae."

Tukakaa. Alitoa chapati yake akala. Nje watu wanangoja wananung'unika. Nilimwita mjeuri, akaniambia na mimi je? Mwishowe nikakichukua kioo kile kwa hasira, nikaangalia. Nilikuwa natarajia shimo la kutisha. Ilikuwa ni mshono. Mshono mbaya, uliovutwa upande mmoja, wa fundi mwenye haraka. Nilimwambia hivyo. Alicheka mpaka akajifuta macho, na sikutaka, lakini nilicheka na mimi. Usidhani tulikuwa marafiki. Siku mbili baadaye tuligombana juu ya ndizi mbivu.

Nyumbani kulikuwa na vita vingine. Wageni walikuja kunipa pole na kunikagua. Salima alikaa katikati yao, ana jibu tayari: "Haikuwa moto. Mi nilishika na mukono yangu. Ilikuwa vuguvugu. Ni ile sindano ya muganga njo inaozesha watu." Wanaitikia, eeh, rwose, kweli kabisa. Baba Hawa anatazama sakafu anaitikia. Walikuwa wanauongelea mguu wangu mimi nikiwa nimekaa hapo hapo. Na yeye mwenyewe, dada yangu, katika miezi ile yote hakuutazama hata mara moja. Alikuwa anaongea na ukuta, na pazia, na kikombe.

Wiki ambayo mvua zilianza kuchoka, homa ilinipata na kidonda kikatoa rangi mpya. Asubuhi nilisikia gari mlangoni. Salima aliingia na kanga mbili na mfuko wa viazi vitamu. Gari la kukodi, limelipwa.

"Vaa. Tunaenda Nyamyumba. Watakukata goti hawa, Mariamu. Maji ilianza kazi, ni we ulikatisha."

Nilimtazama mume wangu. "Bon, sawa," alisema, "tujaribu tu. Iko dada yako."

Nataka ujue nilikuwa karibu kwenda. Usicheke. Nilikuwa nimechoka, naogopa, na kulikuwa na ile kumbukumbu ya joto dogo mfupani, siku mguu uliposema nami. Nilishasimama. Nikauliza, mkono uko kwenye bega lake: "Dada, ile maji ilikuwa moto?"

"Vuguvugu."

"Wale wote walikuwa nalia ayiwee. We ulishika ya chini. Sema tu ilikuwa moto. Sema, na nitaenda na we."

Wallahi ningekwenda. Kama angesema ukweli ule mmoja ningemfuata popote, hata huko.

"Ilikuwa vuguvugu. Mi si muongo."

Nikaketi. "Basi mi siende. Baba Hawa, nipeleke kwa ule mujeuri."

Salima alitazama kanga zake. Aliniambia maneno ambayo dada hamwambii mdogo wake, kwamba alininywesha uji kwa kijiko na sasa namfanya mchawi mbele ya mume. Akaondoka na viazi vyake. Gari lilipiga honi kona ya pili na kwa miezi mingi sikumwona tena. Nilimchukia. Usiku, mchana, wakati wa kuchomwa sindano. Nilimchukia kwa bidii kuliko nilivyoswali.

Esperansi siku ile alifungua kidonda, akanusa, akakimbia kumwita daktari. Walinilaza hospitalini siku tisa. Daktari alisema ningechelewa hata siku mbili, angekuwa ananionyesha mahali pa kukata. Mvua zikaisha. Alikuja na wanafunzi wake, akabonyeza, akaandika, akasema, "Tutauacha." Neno moja, akaenda kwa kitanda kingine. Nilimwomba muuguzi wa zamu alirudie kwa Kinyarwanda nihakikishe.

Ramadhani ilinikuta na kidonda cha ukubwa wa kifungo cha koti. Sikufunga, na kula mchana nyumbani peke yangu kuliniuma. Lakini mwezi ule nilianza kitu changu. Nikichukua udhu, nikifika miguuni, nasimama. Nautazama. Kila kidole, kila upenyo, na kioo chini. Mara tano kwa siku. Nilimwambia Esperansi, nikitegemea atanisahihisha. Alinifanya nirudie, akaandika. Jumanne iliyofuata nikamsikia anawafundisha Waislamu wa benchi vile vile, bila kusema kayatoa wapi. Hiyo nayo nilimnunia.

Somo lake lilibadilika. Haulizi tena, "Nimesema nini?" Anauliza, "Jumamosi ulikuwa wapi na miguu yako?" Mara ya kwanza alipouliza nani huwa anaenda amashyuza, watu thelathini walitazama sakafu. Nilikuwa nangoja zamu yangu. Unafiki ule ulinichefua. Nilisimama katikati yao, wanaume na wanawake, nikavua soksi, nikapandisha mguu juu ya benchi.

"Nilikaa ndani mpaka viazi ikaiva," niliwaambia. "Sikusikia kitu. Sasa nyamazeni tena."

Mikono ilianza kupanda. Mmoja, mitatu, kumi. Yule mzee wa Nyakiriba alikuwemo. Hakunikumbuka, na mimi sikumkumbusha.

Nilirudi kibandani baada ya Idi. Mguu wa kulia haukanyagi vizuri, nikaufundisha wa kushoto. Mwezi mzima nilishona mistari iliyopinda kama mwanafunzi, nikifumua na kutukana. Baba Hawa amerudisha mto chumbani.

Kiangazi kilichofuata, alasiri moja, Salima alisimama mlangoni mwa kibanda. Amekonda, shingo imetoka mishipa. Hakunisalimia. Aliweka karatasi juu ya kitenge nilichokuwa nakata. Nilizijua zile namba kabla sijazisoma. Sukari yake ilikuwa juu kuliko yangu ilivyowahi kuwa.

"Eti unafundishaka watu," alisema akitazama ukuta. "Fundisha basi."

Ningependa kukuambia nilimkumbatia. Nilifunga mlango, nikawasha jiko la mkaa, nikapasha maji. Niliyatia kwenye beseni, nikaongeza baridi, nikaingiza kiwiko changu mwenyewe. Yalikuwa ya kumfanya mtu aruke, hayakuwa ya kumbabua. Nilihakikisha mara mbili.

"Vua soksi."

"Mariamu."

"Vua."

Alivua taratibu, mgongo umenigeukia. Nyayo zimepasuka, kucha nene za njano. Ni miguu ya mama yetu, yangu na yake.

"Kiwiko kwanza," nilisema.

"Mi si mutoto." Akaingiza mguu, mpaka kifundo.

Nilimtazama usoni. Hakuna kilichosogea. Alikaa wima vile vile kama alivyokaa sebuleni kwangu akiwaambia watu haikuwa moto. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima nimwone akiruka, na sasa naomba moyoni, ruka, dada, ruka basi.

"Ni vuguvugu," alisema.

Niliuinua mguu wake nikauweka juu ya mapaja yangu. Ngozi ilikuwa imegeuka nyekundu mpaka kwenye mstari wa maji. "Sasa kiwiko."

Alikunja mkono wa buibui, akainama, akagusa. Alichomoa mkono haraka, maji yakamrukia kifuani. Alikiangalia kiwiko. Akauangalia mguu wake. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu waliponikata vidole, akageuza macho akauangalia wangu, pale ambapo vidole vinaishia.

"Iko moto," alisema. "Mariamu, ilikuwa moto."

Nilichukua kitambaa safi, nikaanza kumkausha katikati ya vidole, kimoja kimoja, vyote vitano.